Hamisi, rudisha ile kasti

Mikindani, Mtwara

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lindi. Sisi hatujambo. Malori ya korosho yamepita usiku kucha, nami nimekesha nayo nikisoma ule usafi wako wa msimbo wa programu yetu ya kuandika kwenye diski.

Kwanza kilichonifurahisha. Zile njia tano za kutoka kosa likizuka umezikusanya mahali pamoja, na kumbukumbu ya kompyuta inaachiliwa kuanzia iliyochukuliwa mwisho. Hapo sigusi hata herufi.

Ila mstari mmoja umeninyima usingizi. Kwenye kugeuza namba ya sekta (kipande cha diski cha baiti 512) kuwa baiti umeondoa kasti ya uint64_t, yaani lile agizo la kuifanya namba iwe ya biti 64 kabla ya hesabu, ukaeleza kuwa haina kazi kwa sababu jibu linaingia kwenye kigeu cha biti 64. Hapana, ndugu yangu. Lugha ya C hukokotoa kwanza, ndipo ihifadhi jibu. Sekta yako ni uint32_t, namba ya biti 32, basi sekta << 9, yaani sekta mara 512, nayo inakokotolewa kwa biti 32, na kinachozidi kimeshakatika kabla hakijafika kwenye kile kigeu kikubwa. Kompaila yangu haikusema kitu.

Nimeijaribu kwa mkono wangu. Nilitengeneza faili la GiB 5 (gibibaiti 5) liwe kama diski, kwa amri ya truncate. Kwa kuwa halijaandikwa kitu, halili nafasi. Nikaandika KOROSHO kwa msimbo wako kwenye sekta ya 8,388,608. Zidisha kwa 512 upate 4,294,967,296, yaani GiB 4 kamili, na biti 32 huishia namba moja chini ya hiyo, kwa hiyo inarudi sifuri. Nikafungua mwanzo wa faili kwa hexdump, amri inayoonyesha baiti kwa namba zake: 4b 4f 52 4f 53 48 4f, ndiyo KOROSHO. Neno langu limekaa kwenye baiti ya kwanza kabisa ya sekta ya kwanza, sekta ileile ambamo diski nyingi halisi huweka jedwali la jinsi zilivyogawanywa! Moyo ulinienda mbio, maana kwenye programu hii tunataka kuweka rekodi za mizani za wakulima.

Jaribio lako lilipita kwa sababu diski yake ni ya GiB 1 tu, haifiki hiyo GiB 4.

Basi rudisha kasti, uweke na maelezo mafupi juu yake, asije mwingine akaifuta kama ulivyofanya. Na jaribio la GiB 5 liingie pamoja nayo. Ukituma kabla ya Ijumaa nitaisoma siku hiyohiyo.

Nisalimie mama. Ming'oko ipo, njoo tule.

Wako,
Rashidi