Usikiuze hicho kitabu

Luton, Uingereza

Mdogo wangu Hamisi,

Marahaba. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie koti la baridi nimeshanunua, aache kunisema.

Sasa lile lalamiko lako: "Dada, kitabu cha 1967! Jeti zetu za Dreamliner zinaendeshwa na kompyuta." Nimecheka. Kweli Handling the Big Jets, hicho cha kurusha jeti kubwa, ni cha zamani, na habari za vyombo vya enzi zile ziruke tu. Ila D. P. Davies aliyekiandika alikuwa rubani mkuu wa majaribio wa bodi iliyopitisha ndege Uingereza. Ndiye aliyeigomea Boeing 707 hadi ikaongezewa urefu wa mkia wa wima. Mtu wa hivyo hakuambii tu ufanye nini. Anakuambia kwa nini.

Anza na injini. Kwenye hako kandege kako ka Mafia, ukiongeza nguvu pangaboi linaitika, na upepo wake unapita juu ya bawa na kulisaidia kubeba. Jeti haina hisani hiyo. Injini ikiwa imepunguzwa nguvu, unasukuma mkono wa kuiongeza halafu unasubiri: sindano inajivuta, sekunde zinakatika, na wewe na tani zako zaidi ya mia mnazidi kushuka. Ni lori lenye shehena kwenye mteremko wa Kitonga. Uamuzi unafanyika juu, si konani. Ndiyo maana sisi tunakuja kutua injini zikiwa tayari zimechangamka. Hilo hakuna kompyuta iliyolifuta.

Unakumbuka babu alivyozisifu VC10 za East African Airways, mkia juu kabisa? Kitabu kitakuonyesha ubaya wa mkia wa hivyo. Pua ikiinuka kupita kiasi, hewa iliyovurugwa na mabawa inaufunika, usukani wa mkiani unaoinua na kushusha pua unakosa kazi, na pua haikubali tena kushuka. BAC One-Eleven ilianguka hivyo kwenye majaribio mwaka 1963, wote waliokuwemo wakafa.

Na mabawa yaliyolala nyuma bado yana tabia ya kuiyumbisha ndege huku na huku. Siku hizi kompyuta inaituliza kabla hujaisikia, basi vijana mnadhani haipo. Siku kompyuta ikizima je?

Maelezo yake ya kuyumba huko ni magumu kidogo, ukikwama nipigie Jumapili, sina safari. Na yule jamaa wa vitabu vya mtumba pale Posta usimpelekee, nakujua.

Dada yako,
Mwanaidi