Tomi asiogeshwe kwa dawa ya ng'ombe

Mpendwa Neema,

Hujambo, na wote hapo Muheza hawajambo? Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Habari za Rukia na ile harusi nitakuandikia nikipata nafasi, maana ujumbe wako wa jana hauwezi kungoja. Umesema mbwa wenu Tomi anajikuna mpaka manyoya ya kiunoni yamenyonyoka, mnadhani ni viroboto, na kwamba Jumamosi mtamwogesha kwa dawa ya ng'ombe iliyobaki kwa Mzee Mbaruku. Tafadhali ndugu yangu, msifanye hivyo.

Soma lebo ya hiyo chupa. Nadhani utakuta amitrazi. Hiyo ni dawa ya kupe na utitiri, viroboto haiwamalizi hata ukiikoroga nzito kiasi gani. Ukizidisha, mbwa analegea, anasinzia, mapigo ya moyo yanapungua na sukari ya damu inapanda. Watu wanamwona kalala kimya, hajikuni, wanasema dawa imeshika. Kumbe mbwa kalewa dawa, na viroboto wamo vilevile. Kama ni dawa ya jamii ya oganofosfeti, zile sumu kali za wadudu, ni mbaya zaidi: mate yanamtoka, anatetemeka, anashindwa kupumua.

Na ile sindano ya ivermektini, dawa ya minyoo, anayoisifia Juma muiache pia. Kwa viroboto haina nguvu ya maana, na wapo mbwa wenye damu ya koli (wale mbwa wa kuchunga kondoo), hata baadhi ya wenye damu ya German Shepherd, ambao dozi kubwa inawapanda kichwani na kuwaua. Tomi na yale masikio yake yaliyosimama, babu yake tunamjua?

Kwanza hakikisha ni viroboto. Chukua kitana cha chawa, pitisha kuanzia kiunoni mpaka shina la mkia, kisha kung'uta juu ya karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu ya kahawia, hiyo ni damu, ndicho kinyesi cha kiroboto. Zikibaki nyeusi, ni udongo tu. Mtazame na masikio, kwa kuwa kuku wenu wanalala karibu na banda lake. Viroboto wa kuku hujiganda kwenye kingo za masikio na kuzunguka macho, wala hawaruki. Hao wapake Vaselini nene, kesho yake uwang'oe kwa kibano.

Sasa dawa. Usiulize dukani ipi ya bei nafuu, uliza kiambato gani na inakaa wiki ngapi mwilini, halafu gawa bei kwa wiki. Mimi kwa mfuko wako ningechagua fipronili ya kupuliza, ile ya asilimia 0.25. Mbwa wa manyoya mafupi hutumia mililita 3 kwa kila kilo, wa manyoya marefu mpaka 6. Tukikadiria Tomi ana kilo 18, ni mililita 54. Chupa ya mililita 250 hutoa mililita 1.5 kila unapobonyeza, kwa hiyo unabonyeza mara 36. Zihesabu kwa sauti! Wengi wakifika mara kumi wanaona mbwa kalowa juu, wanaacha, na ngozi haijapata kitu. Chupa hiyo itakutosha mara nne, au mnunue pamoja na mama Zawadi mgawane, maana mbwa wake akibaki na viroboto kazi yenu ni bure.

Mpulizie nje, kinyume na manyoya yalivyolala, umevaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi: tumboni, makwapani, katikati ya vidole, shina la mkia. Usoni usipulize, weka kwenye glavu umpake taratibu, ukiepuka macho na mdomo. Ina spiriti ndani, kwa hiyo asikaribie jiko la mkaa mpaka akauke. Sungura wa watoto wasiguswe nayo kabisa, fipronili inawaua. Na maji yenye dawa hiyo yasiingie kwenye bwawa la samaki.

Kuna kidonge cha kutafuna cha fluralana, kwa mbwa wa kilo 10 hadi 20 ni miligramu 500, anapewa pamoja na chakula na kinamlinda wiki 12. Ukisikia bei utashtuka, lakini igawe kwa 12 kwanza ndipo useme ni ghali. Usinunue cha mbwa mkubwa ukikate. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari wa mifugo kumwona. Zile kola za barabarani zisizo na jina la kiambato, achana nazo.

Poda ya kuhifadhia mahindi nayo hapana. Mbwa anajilamba, na nyingi zina permethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Paka wako akilala ubavuni pa Tomi ataanza kutetemeka, na anaweza kufa. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Yakiingia mapafuni ni balaa jingine.

Lakini Neema, hata ukinunua dawa bora kuliko zote, ukisahau sakafu umetupa hela. Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 kwa siku, nayo ni laini, hayashiki manyoya, yanadondoka popote Tomi anapolala. Unaowaona mwilini ni wachache. Wengi wako kwenye gunia lake, kwenye nyufa, chini ya kochi. Funza wao, yaani watoto wa kiroboto wanaotoka kwenye mayai hayo, wanakula kinyesi chenye damu cha wakubwa, kisha wanajifungia kwenye vifuko vilivyogandwa na vumbi, na humo dawa haiwafikii. Wanangoja joto na mtikisiko wa mnyama akipita, ndipo wanatoka. Kwa hiyo wiki mbili tatu baada ya kupuliza utaona wapya, na mtu atakuambia dawa ni feki. Usibadilishe dawa! Endelea nayo miezi mitatu, kila anayetoka amkute Tomi ana dawa mwilini.

Gunia lichome moto. Mpe khanga kuukuu mbili za kubadilishana, uzichemshe kila wiki. Banda liinueni, muondoe vumbi chini, jua liingie, maana funza hao hawapendi mwanga wala ukavu, na masika ya huko kwenu ndiyo raha yao. Sakafu ya saruji imwagieni maji ya moto yenye sabuni, msugue nyufa. Taka za ufagio zichomeni, msizitupe uani. Kuku wahamie mbali.

Na Jumamosi hiyohiyo mwogesheni, ila kwa sabuni ya kawaida. Anzeni kwa povu nene shingoni pande zote, viroboto wasikimbilie masikioni, ndipo mshuke mwilini. Povu likae dakika kumi, mchane kwa kitana, mnaowapata watieni kwenye maji ya sabuni. Hii inaua waliopo tu. Dawa mpulizie Jumatatu akiwa mkavu kabisa, asiogeshwe tena mpaka Jumatano ipite.

Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye mkia, ni tegu, mnyoo wa tumboni, aliyetoka kwa kiroboto aliyemezwa. Tomi atahitaji prazikwanteli, dawa ya minyoo hao, nayo inapimwa kwa kilo vilevile.

Kwa hiyo nijibu leo: Tomi ana kilo ngapi hasa? Mbebe upande naye kwenye mzani wa gunia pale kwa Mangi, kisha utoe uzito wako. Sungura bado mnao? Paka ananyonyesha? Watoto wanaumwa na viroboto vifundoni usiku? Lebo ya Mzee Mbaruku unaweza kuipiga picha? Na hiyo chupa ya fipronili, huko unaipata au nikutumie kwa basi la Ijumaa?

Wako,
Rehema