Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyeapa hatamtazama Kiumbe mpya

Kaka, shikamoo.

Najua hupendi barua, na hii nimeiandika mahali ambapo yeyote anaweza kuisoma. Nisamehe kwa hilo. Lakini kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikigusia kurudiwa kwa Creature from the Black Lagoon, ile filamu ya kutisha ya 1954 ya Kiumbe nusu samaki nusu mtu, unaniambia tuongee mengine, na hayo mengine yakiisha tunaagana. Basi acha niseme moja kwa moja mpaka mwisho, bila wewe kunikata.

Wewe ndiye uliyenionyesha filamu ile. Nilikuwa na miaka tisa. Kanda ilikuwa imechakaa hadi picha inatetemeka pembeni, na ulikuwa umeshaniambia kwamba nikipiga kelele utazima. Ilipofika pale Kay, yule mwanamke aliye kwenye msafara wa wanasayansi, anapojitosa majini kutoka kwenye mashua, na lile vazi lake jeupe la kuogelea, ulinyoosha mkono ukapunguza sauti hadi ikaisha kabisa. Tukabaki na mvumo wa deki tu. Juu, mwanamke anaogelea kwa raha zake, mwanga umemzunguka. Chini yake, kwenye kiza cha maji, Kiumbe amelala chali, uso kauelekeza juu, anakwenda naye sambamba, akipiga maji pale pale anapopiga yeye. Kisha akapanda taratibu, akanyoosha vidole vyake vyenye kucha, akamgusa mguuni kidogo tu, akarudi chini upesi kama aliyeungua. Mimi nilikuwa nimejikunyata nikisubiri damu. Ukaniinamia ukasema, "Muangalie. Anayeogopa ni yeye."

Toka siku ile kila ninaposikia neno dubwana, kwanza namkumbuka yule aliyeondoa mkono wake.

Sasa tunasubiri. Na kusubiri kwenyewe kumekuwa kurefu kuliko umri wa mashabiki wengi ninaosubiri nao. Mwaka 1982 mwongozaji John Landis alitaka filamu irudiwe na Jack Arnold yule yule aliyeiongoza mwaka 1954, na Nigel Kneale akaandika skripti. Haikupigwa hata picha moja. Mwaka 1992 zamu ikawa ya John Carpenter. Nayo ikafia mezani. Baadaye akapewa Gary Ross, ambaye baba yake, Arthur Ross, alikuwa mmoja wa waandishi wa skripti ya kwanza. Hapo kidogo niamini, maana nilijiambia mtoto hawezi kuivuruga kazi ya baba yake. Wapi. Akaja Breck Eisner, naye akapita. Mwaka 2024 habari zikatoka kwamba mwongozaji James Wan yuko kwenye mazungumzo ya kuichukua, na tukaamka tena sote. Mtu anasema neno moja kwenye mahojiano, sisi tunalichambua usiku kucha kama jamaa wa mgonjwa wanavyomchambua daktari uso anapotoka wodini.

Unaniuliza kwa nini sichoki. Nitakujibu, ila kwanza nikujibu wewe.

Umesema wataiharibu. Kaka, kama ni kuharibiwa, waliokuwa nayo mkononi walishaanza siku nyingi, na hawakungoja kizazi kingine. Mwaka 1955, katika filamu ya pili, walimtoa Kiumbe kwenye mto wake wakamfunga mnyororo kwenye bwawa la maonyesho, watu wanakata tiketi kumtazama. Mwaka 1956, katika filamu ya tatu, walimchoma moto, matamvua yake yakaungua, madaktari wakampasua ili mapafu yafanye kazi, wakamvisha nguo kama binadamu. Kumbuka mwisho wake: anasimama ufukweni, anaitazama bahari ambayo akiingia atazama, kisha anaanza kuifuata. Wewe hukuwahi kunionyesha ile ya tatu. Niliitafuta mwenyewe nikiwa mkubwa, nikalia, na kesho yake nikairudia ya kwanza. Ilikuwa pale pale. Kay anaruka majini, Kiumbe anageuka chali. Hakuna aliyeweza kuingia ndani ya zile dakika 79 akabadilisha chochote.

Halafu kuna jambo ambalo hujawahi kulikubali waziwazi: filamu unayoipenda kuliko zote za aina hii, ile ya 1982 ya kituo cha utafiti kwenye barafu ya Antaktika, ni ya kurudiwa. Hadithi ile ilikuwa imeshafanyiwa filamu mwaka 1951. Wapenzi wa ile ya zamani walisema maneno yale yale unayosema wewe leo, na wahakiki walimponda John Carpenter vibaya sana The Thing ilipotoka. Ulipita muda mrefu kabla watu hawajaiona kwa macho uliyoiona nayo wewe. The Fly ya 1986 nayo ilitokana na filamu ya 1958, na ndiyo ile uliyoinyamazia kwa siku mbili baada ya kuitazama. Kwa hiyo usiniambie kwamba kurudia ni kufukua kaburi. Inategemea anayerudia amebeba nini kifuani.

Hoja yako ya kompyuta, kwamba Kiumbe mpya atachorwa na mashine badala ya kuigizwa na mtu, hiyo naichukua kwa uzito wote, kwa sababu nakubaliana nayo karibu yote. Kiumbe wa 1954 alikuwa na mwili. Tena alikuwa na miili miwili. Aliyetembea nchi kavu alikuwa Ben Chapman, mtu mrefu hasa, ndani ya vazi la mpira ambalo hakuweza kuketi akiwa amelivaa, na lilimpa joto mpaka ikabidi awe anamwagiwa maji. Picha zake hizo zilipigwa studio, California. Aliyeogelea alikuwa Ricou Browning, upande mwingine kabisa wa Marekani, kwenye chemchemi ya Wakulla kule Florida. Hakubeba mtungi wa hewa, maana ungeonekana. Alivuta pumzi kwenye bomba la hewa lililokuwa pembeni ya kamera, akaliachia, akabana pumzi, akaingia kwenye picha na kuogelea hadi mwongozaji atosheke. Ukitazama lile tukio la Kay ukijua hilo, linabadilika. Anayelala chali chini ya mwanamke ni mtu halisi ambaye kifua chake kinadai hewa, na bado mikono inakwenda polepole kama mwani. Hata yule anayeogelea juu si Julie Adams, mwigizaji wa Kay. Ni Ginger Stanley, aliyeogelea badala yake. Filamu ilipokwisha, Chapman na Browning hawakutajwa majina. Browning alifariki mwaka 2023 na miaka 93, na nilihuzunika kama nimefiwa na mtu wa kwetu.

Ndiyo maana naomba kwa moyo wote kwamba yeyote atakayeichukua kazi hii amtie mtu majini. Inawezekana. Mwongozaji Guillermo del Toro aliwahi kupeleka kwa studio wazo lake la kumrudisha Kiumbe, safari hii Kiumbe na mwanamke wapendane mpaka mwisho, wakamkatalia. Akaenda akatengeneza The Shape of Water ya 2017, na humo alimvika Doug Jones vazi la magamba tangu kichwani hadi miguuni, kompyuta ikasaidia tu kwenye uso na macho. Ikapata tuzo nne za Oscar, na ya filamu bora ikiwamo. Alikuwa mtoto alipoliona lile tukio la kuogelea, na alitamani wale wawili wawe pamoja. Fikiria, kaka: mtoto mwingine, mbele ya televisheni nyingine, aliona kile kile ulichonionyesha wewe.

Kuna deni jingine ninalotaka lilipwe, na hili silisemi kwa utani hata kidogo. Uso ule, yale matamvua yanayofunguka na kufumba, ile midomo mizito ya samaki, vilichorwa na Milicent Patrick. Studio iliona mwanamke mrembo aliyechora dubwana atauza tiketi, ikaandaa ziara ya kumtangaza kama mrembo aliyemuumba mnyama. Bud Westmore, mkuu wa idara ya vipodozi, hakutaka mwingine apewe sifa. Jina la ziara likabadilishwa; kutoka aliyemuumba, Milicent akawa anayeishi na mnyama tu. Akazunguka, akatabasamu kwenye picha, akamsifia Westmore mbele ya waandishi. Aliporudi hakupewa kazi tena pale. Kwenye filamu jina linaloonekana ni la Westmore. Milicent alifariki mwaka 1998, na watu wengi wanaovaa fulana zenye ule uso hawajui ni mkono wa nani. Filamu mpya ikianza, nataka taa zizimwe, skrini iwe nyeusi, na jina lake litokee kubwa kabla ya jina la nyota yeyote. Wakilifanya hilo peke yake nitakuwa nimepata nilichokifuata.

Lakini nilikuahidi nitakueleza kwa nini sichoki kusubiri.

Nimeirudia ile ya zamani mwezi uliopita, safari hii nikawa namtazama kila mtu isipokuwa Kiumbe. Wanasayansi wanaingia kwenye ziwa la watu, maana lina mwenyewe, na jambo kubwa wanalolifanya ni kumwaga rotenoni, sumu ya samaki, majini ili chochote kilichomo kilewe na kuelea. Samaki wanaibuka matumbo juu. Kay anavuta sigara, anakitupa kipande majini bila hata kuangalia, na chini yake Kiumbe yupo, anakitazama kinavyoelea. Nilisimamisha picha hapo. Nilipokuwa na miaka tisa hilo nililiruka. Mwaka 1954 walilipitisha haraka, labda hata wao hawakulipa uzito mkubwa. Mtu anayeitengeneza leo ana nafasi ya kukaa pale, kumuacha Kiumbe akitazame kile kipande mpaka kimguse usoni. Filamu ya zamani ilifungua mlango huo nusu tu, na mimi nataka kuona ndani.

Na huruma tayari ipo, hatuibuni sisi. Katika The Seven Year Itch ya 1955, Marilyn Monroe anatoka sinema, na filamu aliyotoka kuitazama ni hii yetu. Watu wote wanaikumbuka gauni lake jeupe likipepea pale juu ya upepo wa treni. Wachache wanakumbuka kwamba dakika hiyo hiyo alikuwa anamsikitikia Kiumbe, anasema hakuwa mbaya kiasi kile, alichokosa ni kupendwa na kuhitajiwa. Mwaka mmoja tu baada ya filamu kutoka, na tayari watu walikuwa wameshamuona kama ulivyomuona wewe.

Matumaini yangu hayatoki hewani. Mwaka 2017 studio ilitangaza mpango mkubwa wa kuwaunganisha madubwana wake wote, ikatolewa picha ikiwaonyesha waigizaji wakubwa pamoja, na mpango ukafa baada ya filamu moja. Nakumbuka ulivyoniambia, "Umeona?" Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na haki. Lakini mwaka 2020 ikatoka The Invisible Man ya Leigh Whannell, filamu ya fedha kidogo, na ndani yake hofu yote imo kwenye pembe ya chumba isiyo na mtu. Kamera inageuka inakitazama kiti kitupu, na mwili wote unasisimka. Mtu alikaa na hadithi kongwe, akajiuliza inamuumiza nani, akaielekeza kwa mwanamke anayewindwa. Kiumbe anahitaji mtu wa namna hiyo, na anahitaji maji mengi na maneno machache.

Sijui kama nimekushawishi. Sikuombi uipende. Naomba uwe pembeni yangu, kiti cha kushoto kama zamani, dakika ile atakapoonekana kwa mara ya kwanza chini ya maji. Wakimfanya akimbie, angurume na kurarua watu kuanzia mwanzo hadi mwisho, tutanyanyuka pamoja na sitakuzuia. Lakini wakimuacha alale chali, amuangalie anayeogelea juu, anyooshe mkono halafu aurudishe, sitaki kuliona hilo peke yangu. Wewe ndiye uliyenifundisha pa kutazama.

Ile kanda bado ninayo. Deki ilishakufa, lakini kanda nimeihifadhi kwenye boksi lake, na mwandiko wako uko ubavuni, ule wa herufi kubwa ulizoandika kwa kalamu nyekundu: USIFUTE.

Tarehe ikitangazwa nitakupigia. Usipopokea nitapiga tena.

Mdogo wako.