Uhamisho wa mzazi usimwache mtoto nje ya darasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linalowasumbua wazazi wengi wanaohamishiwa kazini nchi nyingine, nalo ni kumpatia mtoto nafasi katika shule ya msingi. Mwajiri hulipa tiketi, husafirisha vyombo na hufuatilia kibali cha kazi. Shule ya mtoto huachiwa wazazi waitafute wakishafika, na wakishafika mara nyingi huwa wamechelewa.

Yametukuta. Binti yetu alikuwa na miaka sita tulipohama. Ofisi ya elimu ilitaka mkataba wa pango, kwa kuwa nafasi za shule hugawiwa kwa kufuata anwani. Mwenye nyumba naye alitaka hati za mshahara za miezi mitatu, na mshahara wa kwanza ulikuwa haujaingia. Tukazunguka kati ya milango hiyo miwili kwa wiki saba, tukiishi kwenye makazi ya muda ambayo hayakukubaliwa kuwa anwani. Kila asubuhi mtoto alisimama dirishani akiwatazama wenzake wakipita na mabegi. Siku moja akamuuliza mama yake kama amefukuzwa shule. Swali hilo sijalisahau.

Anayehama na mtoto hukutana kwanza na kalenda. Uingereza, kwa shule za England, mzazi wa mtoto anayeanza shule anatakiwa kutuma maombi kwa halmashauri yake kufikia tarehe 15 Januari, majibu hutoka 16 Aprili, na masomo huanza Septemba. Anayehamia Julai hukuta meza imeshasafishwa. Shule zilizo karibu zimejaa, na sheria inasema madarasa ya watoto wadogo yasizidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Hata mwalimu mkuu mwenye huruma hawezi kuongeza kiti tu. Japani mwaka wa shule huanza Aprili. Australia huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo mtoto aliyefunga mwaka wake Juni huko Ulaya huingia darasa lililokwisha kufika katikati ya safari.

Umri nao una mambo yake. England mtoto huanza Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Uholanzi anaweza kuanza akiwa na minne, na akifika mitano ni lazima. Finland darasa la kwanza ni la mwaka anaotimiza saba. Mtoto wa miaka sita anayetoka England kwenda Finland ameshasoma na kuandika, lakini wa rika lake wako elimu ya awali. Awekwe na wakubwa au na wa umri wake? Mzazi hupaswa kuulizwa hilo kabla ya ndege kuruka, na ni nadra kuulizwa.

Najua wako watakaosema: si mumpeleke shule ya kimataifa? Ada zake si za kila mtu, na zenye sifa nzuri nazo zina orodha ndefu za wanaosubiri. Wanaohamishwa si mameneja peke yao. Wamo wauguzi, mafundi, walimu na watafiti wenye mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Halafu mtoto wa miaka sita hujifunza lugha ya nchi kwa kucheza na watoto wa mtaani kwake. Kumtenga nao kwa sababu ya karatasi ni kumnyima kitu ambacho baadaye hakinunuliki. Na kusema afundishwe nyumbani hadi nafasi ipatikane si jibu la kila mahali. Ujerumani, kwa mfano, hairuhusu wazazi kumfundishia mtoto nyumbani badala ya shule.

Haki yenyewe imekwisha kuandikwa. Mkataba wa UNESCO wa 1960 dhidi ya ubaguzi katika elimu unazitaka nchi zilizouridhia ziwape wageni wanaoishi humo nafasi ya elimu sawa na raia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unataka elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure kwa wote. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliizuia Texas kuwafungia shule za umma watoto ambao hawakuwa na hati za kuishi nchini. Marekani hiyo hiyo ina sheria ya McKinney-Vento, inayozitaka shule zimpokee mara moja mtoto asiye na makazi ya kudumu hata kama hana kumbukumbu za shule alikotoka. Mtoto anaingia darasani, karatasi zinamfuata. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaohamishwa, lakini imeonyesha kwamba utaratibu huo unawezekana.

Ninachowaomba waajiri si kikubwa. Tarehe ya uhamisho ipangwe kwa kutazama muhula wa shule kule mfanyakazi anakokwenda, na si mwaka wa hesabu za kampuni peke yake. Mfanyakazi apewe taarifa mapema, ili vyeti vya kuzaliwa vitafsiriwe na kugongwa mihuri kabla ya kuondoka, kwa kuwa uthibitisho wa cheti hufanywa na nchi iliyokitoa na kuufuatilia kutoka mbali ni kazi ya miezi. Kadi ya chanjo na ripoti za shule zibebwe mkononi, zisiende na shehena ya meli. Kubwa kuliko yote, mwajiri atoe barua rasmi ya kuthibitisha ajira, mshahara na mahali familia itakapoishi, na kama nyumba haijapatikana, adhamini pango la kwanza yeye mwenyewe.

Halmashauri na wakuu wa shule nao waikubali barua hiyo kuwa anwani ya muda, mkataba wa pango uje baadaye. Nafasi ikiwa haipo, mzazi aambiwe kwa maandishi mtoto ni wa ngapi kwenye orodha na rufaa hupelekwa wapi. Sisi tuliambiwa tu turudi wiki ijayo, mara nne.

Binti yetu hatimaye aliingia darasani kwa barua ya ukurasa mmoja kutoka ofisini kwangu, iliyoandikwa na kutiwa saini kwa nusu saa. Ilikuja wiki ya saba, kwa sababu hadi hapo hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba inaweza kuombwa.

Mzazi aliyehamishwa kikazi