Tairi za yule Mtaliano

Malindi, Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Shee,

Assalaam alaykum warahmatullah. Waambaje, yakhe? Mama Nuru na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Joto la mwisho wa kaskazi limetukalia, feni ya sebuleni imekufa, na Athmani bado hajaoa, usiniulize. Salamu zako kwa Bi Zuhura nilizifikisha, akasema zimechelewa.

Nakuandikia kwa jambo moja tu, nalo ni tairi. Ningekupigia simu, lakini ukishapita Hindi kwenda huko Bodhei mtandao wako ni wa kubahatisha, na jambo lenyewe si la kumalizwa kwa salio la shilingi ishirini.

Yule Mtaliano wa Casuarina mwenye mbwa watatu anarudi kwao moja kwa moja. Anauza kila kitu: jenereta, vitanda vya mvule, hata mapazia. Katika mali hiyo mna tairi tano za 285/75R16, zile za meno makubwa, pamoja na rimu zake. Anataka elfu themanini kwa zote, na jawabu kabla ya Ijumaa, kwa sababu ati kuna mtu wa Watamu naye anazitaka. Huyo mtu wa Watamu siamini kama yupo. Kila kinachouzwa Malindi kina mtu wa Watamu.

Swaleh ndiye aliyeziona kwanza, na tangu hapo nyumbani hapalaliki.

Chanzo ni Mambrui. Nilimpa Prado langu awapeleke wageni kwenye yale matuta ya mchanga, akaingia akazama mpaka tumbo la gari likakaa chini. Wageni wakashuka, wakasukuma, wakachoka, wakaishia kupiga picha za gari badala ya jua. Mwisho wakavutwa na trekta lililokuwa likirudi Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Kufika nyumbani, neno la kwanza: "Ami, tairi zetu ndogo." Nikamuuliza, ulitoa upepo? Akaangalia miguu yake. Nikaenda kupima mwenyewe, paundi 38 zote nne, vilevile alivyotoka nazo kwenye lami.

Sasa wewe hili hulihitaji kuambiwa. Mchangani ukishusha upepo mpaka 18 tairi inalala, inakanyaga parefu, gari linapita juu. Tairi kubwa yenye 38 nayo itazama, tena yenye meno ya matope itazama upesi zaidi, maana kazi ya yale meno ni kuchimba. Nilimweleza haya yote, akanijibu: "Mbona Shee ameweka?" Ndipo nikaona nikuandikie, kwa sababu jina lako ndilo linalotumika kunimalizia pesa.

Karisa wa pancha alinifanyia hesabu nyuma ya risiti ya dizeli, nami nimeirudia mara mbili kwa sababu sikuipenda. Zangu ni 265/70R16. Upana milimita 265, ubavu ni asilimia 70 ya huo upana, yaani 185.5. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni 406, tairi inasimama milimita 777. Za Mtaliano zinasimama 834. Tofauti 57. Ukiisikia unaona ni kitu, sivyo? Lakini difu, lile bonge la gia chini ya gari, haiinuki 57. Inainuka nusu yake, sentimita mbili na nukta nane, kwa sababu ile nusu nyingine inakwenda juu kwenye madigadi. Na hiyo ya juu ndiyo itakayokula plastiki kila nikikata kona hadi mwisho wa usukani. Elfu themanini kwa sentimita zisizofika tatu, halafu nianze kukata gari.

Spidomita nayo. Ikisema 80, mimi nitakuwa karibu 86, na kidhibiti mwendo kitadanganyika vilevile. Askari wa kamera wa njia ya Kilifi hatataka kusikia habari za kimo cha tairi.

Na hapa nina neno nawe. Uliniambia tangu uweke 285 gari lako limezidi kunywa mafuta. Ulihesabu kwa kilomita zipi? Zako za zamani zilikuwa 7.50R16, zinazosimama kama 806 hivi. Kwa hiyo kila kilomita 100 inazokuandikia mita, wewe umekwenda kama 103 na nusu. Huenda hasara yako ni ndogo kuliko unavyolia. Kama ulishaitoa hiyo tofauti ukahesabu tena, basi niambie ukweli wake, maana mimi tofauti yangu ni kubwa kuliko yako, asilimia saba na zaidi.

Isitoshe, gari lako na langu si kitu kimoja, na hili ndilo Swaleh hataki kuliona. Lako ni Land Cruiser 79, ekseli nzima mbele, na injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo ya kusukuma hewa wala haraka. Langu ni Prado 95, injini ile 1KZ ya lita 3, ambayo unaijua tabia yake ya kupanda joto, na kichwa cha injini kikipata ufa ni msiba wa ukoo mzima. Ukiivika tairi ndefu ni sawa na kuipandishia gia zote bila kuiuliza. Watu saba ndani, kiyoyozi kinavuma, mlima wa kutoka Marafa saa nane mchana: hapo mimi nitakuwa naangalia mshale wa joto, si mandhari. Hata ukitia lo, ile gia ya nguvu ya mteremkoni, gari litashuka kwa kasi zaidi kuliko nilivyozoea, na breki zitabeba tairi nzito zaidi. Breki zenyewe za sasa, mimi na wewe tunajua.

Nilikwenda kwa Fundi Mbarak, Maweni. Akasema hakuna shida. (Kila fundi akisema hakuna shida, mimi mkono unashuka wenyewe kushika mfuko.) Yeye anataka atie vipande juu ya springi za mbele na nyuma, gari liinuke sentimita tano, tairi zipate nafasi. Nikamuuliza habari ya sivi jointi, vile viungo vya shafti za mbele, maana mbele kwangu si ekseli nzima kama kwako, ukiinua zile shafti zinakaa upande, mipira yake inachanika, mchanga unaingia. Akasema tutaziangalia. Boli jointi? Tutaziangalia. Mlango wa nyuma unaobeba spea, bawaba zake zitavumilia hiyo 285 na rimu yake? Tutaziangalia. Nikaondoka.

Na huwezi kununua nne ukaacha spea ya zamani, kwa sababu hili langu linavuta magurudumu yote wakati wote. Nikipata pancha nikafunga tairi fupi upande mmoja, difu ya kati itakuwa inazunguka bila kupumzika mpaka Malindi. Kwa hiyo ni tano za kimo kimoja au basi.

Hizo tano zenyewe sasa. Juzi nilikwenda peke yangu jioni, Swaleh sikumwambia. Nikainama nikatafuta zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Nne kati yake zinasoma 3116: wiki ya 31 ya mwaka 2016. Ya tano inasoma 0814, huyo ni ndugu wa mama mwingine. Zimekaa nje ya banda, upande mmoja juani miaka yote hiyo. Meno yamejaa, wallahi, ukiyaangalia kwa mbali utadhani zimetoka dukani asubuhi. Ukiinama, katikati ya meno mna nyufa za kuingiza ukucha. Mtaliano akaniambia hazikutembea sana. Najua hazikutembea. Mpira haungoji kutembea ndipo uzeeke.

Lakini Shee, usinione nimeshaamua. Zinapendeza. Nilizunguka mara kadhaa nikiziangalia, mbwa wakinibwekea, nikaliona Prado langu limesimama juu yake pale lango la hoteli. Na Swaleh hapo ana hoja, sitamnyima haki yake. Pale tunapongoja wageni, gari refu la meno ndilo linaloitwa kwanza. Mgeni hapimi difu, anapima macho. Kuna kijana kaja na Land Rover bovu la kuwashwa kwa kusukumwa, limeinuliwa, tairi za kutisha, na anapata kazi ya Tsavo tuliyoizoea sisi. Tena ubavu wa hizi 285 ni mgumu, plai kumi, na kule karibu na Lugard Falls mawe yameshanichania tairi kwa ubavu, si kwa chini. Hilo siwezi kulikataa.

Halafu nikafikiri masika. Swaleh anasema matope ya Garashi na Baricho, ule udongo mweusi ukilowa, hapo ndipo meno yanapolipa. Kweli. Ila masika ikipiga wageni wako wapi? Mwezi wa tano nusu ya hoteli zimefungwa milango, sisi wenyewe tunacheza bao. Hiyo ni kusema nitanunua tairi za miezi nisiyo na kazi, na miezi yenye kazi nizitembeze kwenye lami ya Watamu zikinguruma na kujila. Nilipomwambia hivi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Lakini picha, Ami."

Na kuna Mama. Ndilo gari linalompeleka kliniki ya magoti, na hivi sasa anapanda kwa kigoda na bega langu. Ongeza sentimita tano za Mbarak na hizo karibu tatu za tairi, ni karibu nane. Alitusikia tukibishana barazani, akasema tukishaliinua tumtafutie punda wa Lamu, angalau yeye anajua kusimama karibu na ukuta. Amenituma nikuulize bei. Nadhani ni mzaha, ingawa na Mama huwezi kujua.

Njia ya tatu ni 265/75R16, mpya, za meno ya kati, si ya matope. Zinasimama 804. Gari linainuka milimita 13 tu, yaani unene wa kidole cha mwanao, spidomita inapotea kwa asilimia tatu na kitu, na kwa Prado kama langu naambiwa zinaingia bila kukatwa kitu. Ningeongeza kompresa ndogo ya betri na kipimo cha upepo kinachosema kweli, nikamfundisha Swaleh kuvitumia, na Mambrui ingekwisha kuwa habari. Bei ya hizo mpya nimepewa kutoka Mombasa. Sitaiandika hapa, karatasi za nyumba hii zinasomwa. Ni mara mbili na zaidi ya za Mtaliano, na ndiyo maana bado sijalala.

Moyo wangu uko kwa hizo 265/75, tena moja kwa moja, isipokuwa nikipita Casuarina.

Sasa nijibu haya, na usinijibu "fanya unavyoona". Zako 285 ulipozifunga zilikwaruza wapi, mbele tu au na nyuma ukiwa na mzigo? Ulitia kitu chochote kuinua, au ziliingia zenyewe? Breki unazionaje ukishuka na mzigo wa samaki? Beringi za mbele umeshabadilisha? Watu wa bima uliwaambia, au uliwanyamazia? Kwenye mchanga wa kwenda Kiunga unashusha mpaka ngapi, na unajaza kwa nini, ile kompresa ya zamani bado iko hai? Na ukiambiwa leo urudi kwenye 7.50, ungerudi? Hili la mwisho nijibu ukiwa peke yako, si mbele ya wale vijana wa jeti ya Mokowe.

Halafu zangu za sasa bado zina meno ya kutosha mwaka na zaidi. Nikibadilisha, shemegi yako wa Hindi mwenye pikapu anatumia rimu ya 16? Aseme mapema, kabla Swaleh hajazitangaza. Na nikiamua kumwachia yule mtu wa Watamu hizo za Mtaliano, wewe unazitaka kwa ajili ya tela la maji? Kwa mwendo wa tela nyufa si neno, naweza kumpigisha bei mpaka hamsini.

Nitumie hata ujumbe mfupi ukifika mahali penye mtandao, ila uwe kabla ya Alhamisi usiku. Nisalimie Mama Nuru, na yule mzee wa ngalawa mwambie kamba zake ziko kwangu, zimefika.

Wako,
Omari