Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuliyotazama na Tuliyosemezana Mwaka 2024

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wanachama wenzangu na wageni mliosindikiza wanachama: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na kwa wasio wa huku wala kule, habari za mchana.

Katiba inanitaka nieleze kazi za chama kwa mwaka uliopita. Kazi yetu ni moja tu, kutazama anime, yaani katuni za Kijapani, na kupeana maoni wakati mfululizo bado unaendelea. Hatusubiri uishe. Mwaka mzima tumeulizwa, na wanaouliza ni pamoja na wazazi wa baadhi yenu, mtu anawezaje kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajakiona mwisho wake? Sehemu kubwa ya taarifa hii inajibu swali hilo. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zinachelewa kama kawaida, na wanaochelewesha wanajijua. Wengine wamekaa mstari wa mbele.

Nianze na mfululizo wa Frieren, kwa sababu ndio uliotugombanisha. Ilifunguliwa mwishoni mwa Septemba 2023 kwa episodi nne usiku mmoja, ikatufikisha Machi 2024, episodi 28 za msimu wa kwanza. Imetengenezwa na studio ya Madhouse chini ya mwongozaji Keiichirō Saitō, kutokana na manga, yaani kitabu cha katuni, ya Kanehito Yamada na Tsukasa Abe. Hadithi inaanzia pale ambapo nyingine humalizia. Mfalme wa mashetani ameshauawa, mashujaa wamerudi mjini, kila mtu anashika njia yake. Mmoja wao, mchawi Frieren, ameishi zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo ile safari ya miaka kumi na wenzake aliiona kitu kidogo. Kisha Himmel, shujaa aliyewaongoza, anazeeka na kufa, na hapo ndipo Frieren anapogundua kwamba hakumjua. Hili silo siri, limo katika episodi ya kwanza.

Miezi mitatu hivi tulikuwa kitu kimoja. Ikaja episodi ya 18, ukaanza mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza, na chama kikagawanyika. Kundi moja lilisema tulikuwa tunatazama msiba wa mtu mmoja aliyechelewa kulia, sasa tumeletewa mashindano yaleyale ya kila anime, wahusika wapya kumi na kitu, kila mmoja na uchawi wake. Kundi la pili likasema mtihani ndio ulioonyesha jinsi wengine wanavyoutazama uchawi kama silaha, wakati Frieren anakusanya uchawi wa kuotesha maua. Daftari la Katibu linatunza yote hayo. Ndugu yetu mmoja wa Tabata aliandika baada ya episodi ya 18 neno moja: "Wameishiwa." Utaratibu wetu hauruhusu kufuta, ukibadili mawazo unaandika chini yake na namba ya episodi uliyofikia. Baada ya episodi ya 26, ile ya pambano kubwa ndani ya magofu, akarudi kwenye daftari akaandika: "Bado wameishiwa, ila ugomvi huu ni mtamu."

Mimi naiona kauli hiyo kuwa maoni bora ya mwaka, na nitaeleza kwa nini. Mwezi Juni walijiunga wanachama wapya waliokuwa wameitazama Frieren yote kwa siku mbili tatu. Tulipowauliza kuhusu badiliko la episodi ya 18, wakatushangaa. Badiliko gani? Kwao hadithi ilipita moja kwa moja bila mkunjo. Hawakukosea, lakini kuna kitu hawakukipata. Kazi hii ilirushwa kwa wiki, na mtu aliyekaa siku saba akisubiri ndiye aliyeuhisi mkunjo. Maoni ya katikati yanaeleza jinsi kazi ilivyomtendea mtazamaji pale alipokuwa amefika, na mwisho ukishajulikana mtu hawezi tena kuyatoa. Ndiyo maana tuna daftari.

Hapa naomba niingize jambo moja dogo linalowafurahisha wapya. Frieren ilirushwa Japani Ijumaa saa ya Tokyo ikionyesha 11 za usiku. Kwetu wakati huo ni saa 11 jioni. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, na sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, hivyo namba zinalingana siku zote. Mwaka 2024 anime ya One Piece ilikuwa ikianza saa 9:30 Jumapili asubuhi kwao, nawe uliweka kengele saa 9:30 za usiku wetu, kama ulikuwa na moyo huo.

Sasa, kumwaga mtama. Kanuni ya kutaja episodi uliyofikia kabla ya kufungua mdomo imefanya kazi vizuri kwa wanaotazama tu. Tatizo ni wasomaji wa manga, ambao wako mbele ya sote. Ilijitokeza zaidi katika Delicious in Dungeon, ya studio ya Trigger kutoka manga ya Ryoko Kui, iliyokuwa ikishuka Netflix kila Alhamisi kuanzia Januari hadi Juni, episodi 24. Laios na wenzake wanashuka shimoni kumtafuta dada yake aliyemezwa na joka jekundu, na kwa kuwa hawana fedha ya chakula, wanapika majini wanayoyaua. Msomaji mmoja wa manga hakusema neno lolote. Aliguna tu. Dada wa watu alipoonekana kwenye skrini, yule bwana akaguna, na ukumbi mzima ukajua. Kamati ilikaa ikaamua kwamba kuguna, kutikisa kichwa na kusema "subiri" kwa sauti ya huruma ni kumwaga mtama sawa na kusema. Faini ni kahawa na kashata kwa wote waliohudhuria. Ameshalipa, tena zaidi ya mara moja.

Mfululizo huohuo ulitufanya tuipitie upya kanuni ya episodi tatu. Wengi mnaijua, kwamba ukitazama tatu na haijakushika, achana nayo. Watu wengi huihusisha na Madoka Magica ya mwaka 2011, ambayo katika episodi ya tatu ilionyesha sura yake halisi. Lakini Delicious in Dungeon katika episodi tatu ni mapishi na vichekesho. Uzito wake unakuja karibu na katikati, wanapolikuta joka. Waliochomoka mapema walizunguka Sinza na Kijitonyama wakisema ni katuni ya kupika. Msimamo wa kamati ni kwamba episodi tatu zinatosha mtu kuacha. Hazitoshi kuponda.

Na kama mtu angetuuliza nani aliitazama vizuri zaidi, ningemtaja mama yetu anayeuza chakula Mwenge, aliyeletwa na mwanawe akabaki. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu joka. Yeye alitazama mikono ya Senshi, mpishi wa kundi la Laios, jinsi anavyoosha, anavyokata, anavyongoja moto ushuke. Akasema, "Aliyeandika hii amewahi kuunguza mboga." Hakuna aliyemjibu.

Mei ulikuwa mwezi mgumu. Jumamosi ya tarehe 4 mkutano uliahirishwa kwa sababu ya kimbunga Hidaya, na hakuna aliyelalamika. Tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, nchi nzima ikasuasua siku kadhaa. Mwenye bando na asiye na bando wakawa sawa. Tulikutana hivyohivyo, bila episodi mpya, tukazungumza kutoka kichwani. Sipendi kusifia tabu, ila jioni ile ilitenganisha watu. Waliokuwa wakitazama kwa macho yao walikumbuka rangi, sauti, nani alinyamaza wapi. Waliozoea kusikiliza wachambuzi wa mtandaoni na kutuletea maneno yao kwa Kiswahili walikosa la kusema. Siwataji. Nawaomba tu mwaka huu waje na yao, hata kama ni machache.

Machi tulipata habari ya kifo cha Akira Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball, aliyefariki tarehe 1 akiwa na miaka 68. Ulimwengu ulijulishwa tarehe 8. Wakubwa kati yetu walimjua Goku, shujaa wa Dragon Ball, katika vibanda umiza kabla ya kujua kuwa kuna neno anime. Siku ile hapakuwa na maoni wala daftari. Tuliweka Dragon Ball ya zamani, tukatazama.

Robo ya mwisho ilikuwa ya Dandadan, ya studio ya Science Saru, episodi 12 kuanzia Oktoba hadi Desemba. Msichana anaamini mizimu na hataki kusikia habari za viumbe wa anga, mvulana kinyume chake, na wote wawili wanakuta kumbe vyote vipo. Mzimu wa Bibi Turbo ulipotokea, nusu ya ukumbi ilisema "popobawa" kwa sauti moja. Episodi ya kwanza ina tukio la msichana wa shule kuvuliwa nguo ambalo wanachama kadhaa, wanaume kwa wanawake, walisema halikuwa na kazi yoyote. Nakubaliana nao, na kamati imeamua kwamba walio chini ya miaka 18 hawataioneshwa katika mikutano yetu. Wakati huohuo episodi ya saba, ya yule mama na mtoto wake, imo katika daftari kwa maandishi ya watu ambao hawakuwahi kuandika chochote. Msimu huo wa kwanza uliishia katikati ya tukio, kwa hiyo maoni yetu yote juu yake ni ya katikati, tutake tusitake.

Solo Leveling tuliitazama. Waliopenda walipenda, nami sina la kuongeza. One Piece ilisimama Oktoba 2024 kwenye episodi ya 1122, ikarudi Aprili 2025. Wapenzi wake wamo humu, na niliwaomba wasiutumie mwanya huo kutusimulia upya Wano, sehemu yake ndefu ya nyuma.

Limebaki suala la lugha. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, yanakimbia, na si kila mmoja anayafuata. Vijana wawili wamekuwa wakitafsiri papo kwa papo, kwa mtindo ambao sisi tuliokua na filamu zilizotafsiriwa na Lufufu tunaujua vizuri. Shida ni kwamba mtafsiri naye ana maoni, na huyachomeka katikati ya mazungumzo ya wahusika. Napendekeza atafsiri kwanza, aseme yake baada ya wimbo wa mwisho kama sisi wengine.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue kuhusu kanuni hiyo ya mtafsiri, kuhusu kuingiza mguno rasmi katika orodha ya makosa, na kama daftari la mwaka 2024 lisomwe hadharani leo au libaki kwa Katibu. Ndugu yetu wa Tabata ameshaomba lisomwe.

Naomba kutoa hoja.