Anti, nikimpeleka mtoto kwa ajili ya sikio watanicheka tena

Anti, shikamoo. Pole na majukumu. Ni saa tisa na nusu usiku, mtoto ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi kifuani kwangu na ninaandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo.

Niseme mapema kabisa, mimi si mtu wa kukimbilia hospitali. Hapa nyumbani wanasema hivyo lakini si kweli. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi saba, na kwa ugonjwa nimempeleka mara tatu tu, ukiacha kliniki ya uzito na chanjo ambayo sijawahi kuiruka. Mara mbili alikuwa anaumwa kweli. Ya tatu ndiyo hiyo ninayosemwa nayo mpaka leo.

Ilikuwa wakati wa mvua. Mtoto alichemka usiku kucha, alfajiri tukawa wa kwanza kwenye benchi, lakini tunaingia kwa daktari saa sita mchana mwili umeshapoa na anacheza na kofia ya baba yake. Daktari akamfungua mdomo, akasema, "Meno haya, mama. Mnatujazia foleni bure." Mlango ulikuwa wazi, benchi zima likacheka. Baba yake naye akacheka. Siku hiyo alipoteza asubuhi nzima ya bajaji na hesabu ya tajiri haikutimia, hilo nalijua na nilimwomba radhi. Jioni akaisimulia barazani mbele ya mama yake na wifi yangu. Tangu hapo mimi naitwa Dokta. Nikimgusa mtoto paji la uso, "Dokta, vipi, tulazwe?" Nikimkataza barafu za ukwaju za mtaani, "Dokta kakataza jamani." Miezi minne sasa, Anti. Wewe unajua maisha ya ukweni, huwezi kununa kila siku.

Sasa sikio. Alianza na mafua, kama watoto wote mtaani hapa. Jumanne akaanza kushika sikio la kushoto. Analipiga kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na maji akioga. Mchana anacheza, anakula, mwili una kajoto kadogo tu ambako ukimvua fulana kanaisha. Usiku ndiyo shida, ukimlaza analia, ukimwinua ananyamaza. Wote wanasema meno, na kusema kweli gego linakuja, ufizi umevimba nimeuona kwa macho yangu. Na mimi nikasema meno. Nilikuwa wa kwanza kusema, ili asiniwahi mtu.

Alhamisi bibi yake akasema sikio limeingia upepo. Sina neno na mama mkwe wangu, nataka hilo lieleweke. Amelea watoto sita, na nilipojifungua alinikanda siku arobaini kwa mikono yake. Alichukua mafuta ya nazi, akatia punje ya kitunguu saumu, akayapasha kwenye kijiko juu ya mkaa, akapima joto mkononi mwake, akamtia matone matatu. Mtoto alikuwa anajinyonga hataki. Mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Na nilikuwa najua, Anti. Siku tuliyokwenda kwa chanjo ya pili ya surua, alipotimiza miezi kumi na minane, nesi alitukalisha kina mama akatuambia sikio la mtoto halitiwi kitu, si mafuta, si maziwa ya mama, si maji ya kitunguu. Alisema mtoto mdogo mrija wake wa kutoka puani kwenda sikioni ni mfupi na umelala, ndiyo maana mafua yanahamia huko upesi. Nilitaka kusema. Lakini wifi alikuwa kasimama mlangoni, na kabla hajafungua mdomo nikawa nimeshalisikia hilo "Dokta". Nikashika kichwa.

Jana asubuhi nimekuta doa kwenye foronya. Dogo, kama punje ya mahindi, la manjano, limekauka kama uji uliosahaulika kwenye bakuli. Nikalinusa. Halinuki nazi. Halinuki vibaya sana pia. Inawezekana ni mafuta yale yametoka na nta, mama mkwe ndivyo anavyosema, kwamba uchafu umetoka na sasa atapona. Na kweli jana mchana hakulia kabisa, alishinda vizuri kuliko siku zote. Kwa hiyo labda amepona. Ndiyo maana nimeamua nisimpeleke.

Ila usiku huu doa lingine. Nimewasha tochi ya simu nikamchungulia, sioni kitu, naona unyevu tu. Nyuma ya sikio nimemminya taratibu, hakuna uvimbe, maana nesi alisema ukiona uvimbe nyuma ya sikio usisubiri hata kukuche. Hilo limenipa moyo kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo baba yake halijui vizuri. Kaka yangu, anayenifuata kwa juu, sikio la kulia halisikii. Alitoka usaha utotoni huko kijijini, ukawa unakuja na kuondoka, wanasema ataacha akikua, wanamtia hiki na kile. Shuleni mwalimu alimwita mkaidi na kumchapa kwa kutoitika. Mpaka leo ukitaka kuongea naye lazima ukae upande wake wa kushoto. Mama yangu hajawahi kujisamehe, na yeye hakuwa na zahanati jirani. Mimi ninayo, dakika kumi kwa miguu.

Jioni nilifanya kitu sijamwambia mtu. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni anachezea vifuniko vya soda. Nikachukua kiberiti nikakitikisa nyuma yake upande wa kulia, akageuka. Nikahamia kushoto nikatikisa, hakugeuka. Nikatikisa tena, hakugeuka. Mara ya tatu akageuka, lakini sijui kama alisikia au aliona kivuli changu. Nilirudia mpaka mtoto akakasirika.

Nikamwambia baba yake tu kwamba nafikiria kwenda Jumatatu. Hakugomba. Si mtu mbaya, usije ukaandika kwamba ni mtu mbaya. Alisema, "Nenda Dokta, ila safari hii mimi simo." Akageukia ukutani akalala. Hela si tatizo, kumwona mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure, na dawa ikikosekana dirishani nina akiba yangu ya vitumbua. Duka la dawa nilishapita, kijana akataka kuniuzia dawa ya matone bila hata kumwangalia mtoto, nikakataa. Siwezi kutia kitu kingine humo bila mtu kumulika ndani akaona.

Kinachoniumiza ni lile benchi. Nikirudi pale na daktari akawa yule yule, akasema nta hii mama, nitaweka wapi uso wangu? Na nikirudi nyumbani? Lakini akisema ni usaha, nitaulizwa nani alimtia mafuta, na mimi ndiye nilishika. Sijui ni jibu gani naliogopa zaidi.

Kwa hiyo Anti, naomba uniambie, doa dogo la namna hii bila homa kali linatosha kumpeleka mtoto, au nisubiri zile siku mbili tatu wanazosema? Nesi alisema usaha ukipita wiki mbili unakuwa sugu, sasa ni siku ya pili tu. Na je, nikitoka kimya kimya Jumatatu kama naenda sokoni, nitakuwa nimemkosea mume wangu na mama yake? Kadi ya kliniki nimeshaitia kwenye mkoba wa vitumbua, ila hiyo haina maana nimeamua. Na mafuta yale, kama yamedhuru, yameshadhuru, au kuna kitu ninaweza kufanya? Kwa sasa nasokota kitambaa safi cha pamba nakausha nje, kama tulivyofundishwa, nikiona maji nakausha tena.

Najua barua zinachukua siku na huenda ukinijibu nitakuwa nimeshakwenda. Nijibu hivyo hivyo. Na tafadhali usitaje mtaa wala habari ya vitumbua, wifi yangu anakusoma kila wiki.

Mama wa mtoto mmoja,
Dar es Salaam